Nitasimamaje mbele ya wakwe siku ya Noeli?

Kila Desemba barua za wasomaji hubadilika. Miezi mingine mnaniuliza mambo ya shule, ada, watoto wasiosoma. Mwezi wa kumi na mbili mnaniuliza mambo ya kukutana na watu. Safari hii barua tatu zinahusu ulimi unaokwama, nami nimeziweka pamoja. Wasomaji wa zamani wanajua kwamba mimi mwenyewe nina kigugumizi tangu utoto, na nimefundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi miaka 34 nikiwa nacho. Wapya wajue sasa.

*

*Jambo sana Mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Katuba, natengeneza simu karibu na soko la mtaa wa Kenya. Nina kigugumizi tangu mdogo. Siku za kawaida najua njia za kupita: nachagua maneno, natuma ujumbe badala ya kupiga simu, mteja akiuliza bei namwandikia kwenye simu yake mwenyewe. Shida ni Desemba. Watu wanajaa mezani kwangu, kila mmoja anataka simu yake kabla ya sikukuu, wanauliza wote kwa mara moja, nami hata "elfu kumi" haitoki. Na mwaka huu kuna kubwa zaidi. Nina mchumba, na ukoo wake hukusanyika Likasi kwa babu yao kila Noeli. Wakishakula, kila mtu anasimama, anataja jina lake na kazi yake, anamshukuru Mungu kwa mwaka. Wanazidi arobaini. Jina langu linaanza na M, na hapo ndipo midomo yangu inafunga kabisa. Mjomba ananishauri ninywe glasi mbili za pombe ya lutuku kwanza. Mdogo wangu anasema atakuja aseme kwa niaba yangu. Mimi nafikiria kusema nina malaria, nibaki hapa. Mchumba wangu anajua "nakwama kidogo," lakini hajawahi kuniona nikikwama kweli. Nifanye nini?*
*— Fundi wa simu, Katuba*

Mwanangu, hiyo malaria naijua. Mimi nilikuwa naumwa jino. Miaka mingi, kila palipokuwa na mkutano wa kuzungumza, jino langu liliamka.

Na jambo la jina nalijua kuliko unavyodhani. Nilizaliwa mwaka 1962. Jina langu la ubatizo lilianza na A, likiteleza kama maji. Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, majina ya ubatizo yalipigwa marufuku nchini, maana tulikuwa tumekuwa Zaire na kila mtu alitakiwa jina la kwetu. Jina langu la kwetu linaanza na K. Wenzangu darasani walicheka na kubadilishana majina mapya kama watoto waliopewa nguo. Mimi nilirudi nyumbani nikilia, na mama yangu hakujua ninalia nini. Mwalimu alipoita majina asubuhi kila mtu alijitaja, na zamu yangu ilipofika nilikohoa mpaka akapita. Nilikohoa mwaka mzima.

Nikueleze sasa jinsi kujificha kulivyonigharimu, kwa sababu bei yake huioni siku ile. Inakuja baadaye.

Bonane (Mwaka Mpya) ya 1987, nikiwa mke mpya, tulikwenda Kipushi kwa wazazi wa mume wangu. Walikuja watu wa Kolwezi, wa Likasi, lupango lote limejaa viti vya kuazima. Nilisikia kwamba baba mkwe atawaita wake za wanawe mmoja mmoja, wasalimie wazee na kujitambulisha. Nikakimbilia kwenye mbabula nyuma ya nyumba, chini ya mabati, nikashika mwiko. Mvua ilikuwa inapiga. Bukari ya watu thelathini haitoshi sufuria moja, wala mbili, kwa hiyo nilikuwa na sababu. Maji yanachemka, unamimina unga kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, unasonga kwa kulia, inaanza kushika, unaibana sufuria kwa mguu uliofungwa kitambaa. Mtoto akaja: "Mama anasema uje usalimie." Nikamwonyesha sufuria. Akarudi mara ya pili. Nikamwonyesha sufuria. Mara ya tatu nikamwambia itaungua. Moshi ulinisaidia, maana macho yalikuwa mekundu na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni nilimsikia mama mkwe akimwambia mwanawe, "Mke wako anatuona sisi si watu."

Miaka miwili aliniita "yule". Nilikuwa nimeficha kigugumizi, wao wakaona kiburi. Sikuwa na namna ya kuwalaumu, kwa sababu walichoonyeshwa ndicho walichosoma. Mwaka 1989, siku moja tukitwanga sombe wawili tu, nilimwambia. Ilichukua muda, neno lenyewe "kigugumizi" linaanza na K. Aliacha mchi hewani. Akauliza, "Ndiyo maana ya bukari ile?" Nikasema ndiyo, Mama. Akaweka mchi chini, akaniambia kaka yake aliyefia Kolwezi alisema hivyohivyo, na nyumbani kwao kulikuwa na amri: huyu akisema, hakuna kula mpaka amalize. Miaka miwili nilikuwa nimeogopa nyumba iliyokuwa na amri kama hiyo.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: nenda Likasi. Na kabla ya Likasi, mwonyeshe mchumba wako kigugumizi chako chote. Usimweleze tu, mwonyeshe. Wiki hii, si ndani ya basi tarehe 24. Kaa naye, sema jina lako lote, la baba yako, la babu yako, bila kubadilisha neno hata moja, na ukikwama, kwama mbele yake mpaka neno litoke. Atakuwa amekuona ukiwa hivyo mahali tulivu, na siku ya watu arobaini uso mmoja katika chumba kile hautashtuka. Uso mmoja unatosha kuangalia.

Kisha mwombe jambo moja, nalo ni dogo kuliko unavyofikiri: amwombe babu yake zamu yako iwe miongoni mwa za mwanzo. Wasiokwama hawajui kwamba mateso yetu makubwa ni kungoja. Watu thelathini wanasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anakukaribia, mapigo ya moyo yanapanda ngazi, na ukifika wewe umeshashindwa. Ukiwa wa tatu hakuna ngazi.

Ukisimama, anza hivi: "Nina kigugumizi. Nikikwama mningoje, nitamaliza." Basi. Usiombe msamaha, maana hujamkosea mtu. Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo hakuna zoezi la pumzi linaloweza kuifanya: inaondoa siri. Nguvu nyingi tunazopoteza hatuzipotezi kwenye kukwama, tunazipoteza kwenye kuzuia watu wasijue. Siri ikishatoka mlangoni, ulimi unabaki na kazi moja tu.

Sasa tuje kwenye M yako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ni fundi na utanielewa.

Sauti ya M haihitaji nguvu. Midomo inagusana tu, sauti inapita puani. Wewe ukiiogopa, midomo inabanana kama mdomo wa gunia lililoshonwa, koo linafunga nalo, halafu unasukuma, na unavyosukuma ndivyo inavyobana. Leo usiku simama mbele ya kioo. Ibane midomo makusudi, kwa nguvu ileile ya siku mbaya. Usitoe neno. Baki hapo uhesabu tatu, na utafute nguvu iko wapi: mdomo wa juu? taya? shingo? Ukiipata, ilegeze polepole, jinsi unavyolegeza skrubu ndogo ya simu bila kuharibu kichwa chake, mpaka midomo iguse kama karatasi mbili. Acha *mmm* ipite puani, ndefu, bila aibu, kisha iingie kwenye jina. Rudia mara kumi. Kesho tena. Unajifunza kutoka ndani ya mkwamo ukiwa umetulia, na hilo ni tofauti kabisa na kuukimbia.

Lipo na la pili. Ukikwama vibaya na neno likatoka kwa kulazimishwa, usikimbilie neno linalofuata. Nyamaza kidogo, muda wa pumzi mbili, halafu lirudie lilelile kwa ulaini. Kimya hicho kitakuwa kirefu kwako, wao hawatakihisi hivyo.

Mbinu hizi sikuzibuni mimi. Nilizikuta kwenye vitabu vya Kifaransa nikiwa nimeshakuwa mwalimu, na aliyezipanga ni Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa 1905, mwenye kigugumizi kikali sana. Kilichonishika katika maisha yake ni ujana wake. Aliwahi kuomba kazi ya shamba akijifanya bubu na kiziwi, ili asilazimike kusema. Alipoacha kazi ile akapata lifti ya mzee mmoja barabarani, akajaribu kusema, akakwama kwa mapambano yote, na mzee akacheka. Kijana alikasirika, mpaka mzee alipomweleza kwamba naye ana kigugumizi, ila ameshazeeka, amechoka kupigana nacho, sasa anayaacha maneno yavuje yenyewe. Van Riper alijenga kazi ya maisha yake juu ya maneno ya mzee yule: ukiwa utakwama, basi jifunze kukwama kwa wepesi. Mimi nikisoma habari ya yule kijana aliyejifanya bubu niliona sufuria yangu ya Kipushi.

Lutuku, hapana. Mjomba wako anakupenda, lakini pombe inakunyang'anya hasa kile unachokihitaji siku hiyo, yaani kuhisi nguvu iko wapi na kuilegeza. Tena wakwe watanusa.

Mdogo wako naye asiseme kwa niaba yako Likasi. Siku ya mahari ni jambo lingine. Siku hiyo mila yenyewe inataka msemaji, na hata kijana mwenye ulimi wa dhahabu anakaa kimya wazee wakizungumza. Mwekee mdogo wako kazi hiyo kama wazee watamkubali. Siku ya Noeli unalitaja jina lako mwenyewe.

Kuna jambo ukoo wa mchumba wako wanaweza kuuliza, pengine si mbele yako: je, watoto watakuwa hivi? Jibu la kweli unapaswa kulijua. Kigugumizi hutokana na jinsi ubongo unavyopanga usemi, na hutembea katika ukoo. Hakitokani na woga, wala na kushtuliwa utotoni, wala na mtu aliyekutupia neno. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza jeni tatu zinazohusika, wakianzia familia za Pakistani, na mwaka 2015 wakatangaza nyingine waliyoifikia kupitia ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Jeni hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya wenye kigugumizi, lakini zinatosha kumfunga mdomo anayesema ni laana. Mtoto wako anaweza kukirithi, anaweza asikirithi, na watoto wengi wanaoanza kukwama huacha wenyewe. Mtu mzima mmoja kati ya mia anacho, wanaume wakiwa karibu wanne kwa kila mwanamke mmoja. Katika watu arobaini wa Likasi, usishangae kama yupo mwingine anayechagua maneno yake kimyakimya.

Kuhusu wateja: uchovu, kelele, kukosa usingizi na kusukumwa na watu haviumbi kigugumizi, ila vinakizidisha, na Desemba inavileta vyote kwa pamoja. Andika bei zako kwenye kadibodi kubwa, kioo hiki kiasi hiki, betri kiasi hiki, uitundike. Hiyo si kujificha, kila fundi mwenye akili anafanya hivyo. Ila kila siku chagua wateja watatu uwaambie bei kwa mdomo, hata kama kadibodi iko juu ya kichwa chako. Ukiacha kabisa kusema mwezi mzima, tarehe 25 utaipokea na ulimi wenye kutu. Na tarehe 23 funga meza mapema ulale. Fedha ya siku moja ile itakurudia Januari.

Simu za Bonane ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu upande wa pili hauoni uso wako, unasikia kimya tu, unasema alo, alo, unakata. Anza na mtu anayekujua, mama yako au rafiki, ulimi upate joto. Kwa wengine tuma ujumbe kwanza: "Nakupigia sasa, nikichelewa kusema usikate." Mimi hufanya hivyo mpaka leo.

Uniandikie Januari.

*

*Mama, mtoto wangu wa kiume ana miaka minne. Tangu Oktoba anarudia maneno, "ma-ma-mama na-na-nataka," na siku nyingine anafumba macho akitafuta neno. Bibi yake anakuja kutoka Kamina kwa Noeli na anataka mtoto asimame asome shairi la Kifaransa alilofundishwa shule ya watoto wadogo. Jirani ananiambia ni kwa sababu tunamchanganyia Kiswahili na Kifaransa. Mume wangu anamkemea aseme vizuri. Baba mdogo wa mtoto ana kigugumizi. Niogope?*
*— Mama wa mmoja, Kampemba*

Mama, usiogope, lakini usilale pia.

Kigugumizi karibu siku zote huanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati maneno yanamiminika kuliko njia ya kuyapitisha. Kiasi cha watoto watano katika mia hupita hapo, na karibu watatu kati ya kila wanne huacha bila dawa. Wa kwako ana mambo mawili ya kumwangalia kwa karibu: ni mvulana, na ndugu wa baba yake anacho bado. Kama kinaendelea mpaka Pasaka, au kufumba macho kunazidi, au anaanza kuacha kusema, mtafute mtaalamu wa usemi, yule tunayemwita ortofonisti. Ni wachache kwetu, kwa hiyo anza kuulizia hospitali kubwa tangu sasa.

Jirani yako amekosea. Lugha mbili hazileti kigugumizi. Hapa Lubumbashi watoto wetu wote wangekuwa nacho. Usimnyang'anye mtoto Kiswahili cha bibi yake.

Mume wako, mwambie kwa upole, maana naye anaogopa, na baba anayeogopa hukemea. Neno "sema vizuri" linamfundisha mtoto kwamba mdomo wake una kosa. Hata "polepole, vuta pumzi" liacheni. Badala yake ninyi wawili ndio mpunguze mwendo: mjibu mtoto baada ya kimya kidogo, mwangalie machoni, sikiliza anasema nini na si jinsi anavyosema. Nimeona darasani mara nyingi, mwalimu akipunguza mwendo wake, mtoto anaufuata bila kuambiwa.

Shairi, hapana. Bibi amekuja kwa upendo, mpe upendo kwa njia nyingine: waimbe. Wenye kigugumizi karibu wote huimba bila kukwama, na pia wakisema pamoja na wengine kwa sauti moja hawakwami. Mtoto aimbe na binamu zake wote wimbo wa Noeli wanaoufundishwa kanisani, bibi apige makofi, na hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kilibadilishwa.

Sikukuu yenyewe mpunguzie. Nyumba yenye wageni kumi na watano, kila mtu anasema juu ya mwenzake, mtoto mdogo hapati nafasi, anakimbiza maneno kabla hajakatwa. Mezani wekeni zamu ya kusema, na watu wazima waifuate nao. Na kila siku, hata tarehe 25 yenyewe, mpe dakika kumi peke yenu, bila simu, yeye akiongoza mchezo. Kama ni kupanga vifuniko vya chupa chini ya mti, pangeni vifuniko. Akikuuliza kwa nini maneno yake yanakwama, usimwambie hayakwami. Mwambie, "Wakati mwingine maneno yanakuwa magumu kutoka. Mimi nina wakati, nitangoja."

*

*Mama, samahani kwa haraka. Baba yetu ana miaka 66, hakuwahi kukwama maishani. Tangu jana asubuhi maneno yanamgoma, anarudia, anatafuta, kikombe kimemponyoka mara mbili. Ndugu wanasema ni uchovu wa maandalizi ya sikukuu, tungoje Noeli ipite ndipo tumpeleke. Nimeona unaandika mambo ya kigugumizi.*
*— Binti yake, Ruashi*

Ujumbe huu ulinifikia kwenye simu saa mbili asubuhi, na sikungoja gazeti. Ninauchapisha, kwa ruhusa ya binti, kwa sababu unaweza kuwa ni wa nyumba yako.

Kigugumizi cha utotoni hakianzi na miaka 66, siku moja, asubuhi. Mtu mzima akianza ghafla kukosa maneno, na mkono ukalegea, au upande mmoja wa uso ukashuka akitabasamu, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa ileile, wala usimpe kitu cha kula au kunywa mpaka madaktari wamwone.

Nilimpigia binti. Nilianza, "Mwanangu, mpeleke baba hospitali sasa, inaweza kuwa—" na neno likafunga. Kiharusi. K yangu ileile ya 1972. Nilikuwa na neno jingine tayari mdomoni, ningesema amepooza, lingetoka bila shida. Lakini amepooza ni neno la mtu ambaye ameshaanguka, na baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti akinywa chai, na ndugu wangesema mbona anatembea. Nilitaka asikie neno lenyewe ili alibebe mpaka kwa ndugu zake. Ulimi ulikuwa umegandamana juu, nyuma kabisa. Nikaulegeza. Upande wa pili nilisikia anapumua, na nyuma yake redio na mtu akiuliza kikapu kiko wapi.

Hakukata.

"Kiharusi," nikasema.

"Nimesikia, Mama," akasema, na nikamsikia akiita mtu alete gari.